Sindano mbili kwa wiki moja? Maswali yenu kuhusu dawa za kukata hamu ya kula

Barua za mwezi huu kutoka Nyanda za Juu Kusini zimefanana sana. Watu wameanza dawa za peptaidi za kupunguza uzito, zile zinazoiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, na baada ya wiki chache wanaona shibe haitoshi. Wanauliza kama waongeze sindano ya pili juu ya ile ya kwanza. Tumechagua barua sita.

Shikamooni madaktari. Nina miaka 41, kilo 96, urefu sentimita 162. Nachoma semaglutaidi kila Jumapili: wiki nne za kwanza miligramu 0.25, na sasa niko wiki ya tatu ya miligramu 0.5. Nimepungua kilo 3. Tatizo ni Ijumaa. Njaa inarudi yote, naamka usiku kutafuta kiporo. Rafiki yangu anatumia Mounjaro na amenipa wazo nichome ya kwake miligramu 2.5 kila Alhamisi kuziba hilo pengo. Je, nichome? — Mama wa watoto watatu, Uyole, Mbeya

Marahaba mama. Hiyo ya Alhamisi usiichome.

Semaglutaidi inafanya kazi kwa kushika vipokezi vya GLP-1, yaani milango ambayo homoni hiyo hupitishia ujumbe wake, kwenye ubongo, tumbo na kongosho. Tirzepataidi, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Mounjaro, inashika vipokezi hivyohivyo, kisha inaongeza vya homoni nyingine iitwayo GIP. Kwa hiyo ukichoma zote mbili, sehemu kubwa ya unachoongeza inabisha mlango ambao tayari una mtu. Shibe haiongezeki mara mbili, ila kichefuchefu kinaweza. Maelezo ya watengenezaji yanasema wazi kwamba dawa hizi zisitumike pamoja na nyingine yoyote ya kundi la GLP-1, na hakuna dozi ya pamoja iliyopimwa ambayo daktari anaweza kukuandikia kwa uhakika.

Tazama na siku zenyewe. Tirzepataidi hufika kileleni kwenye damu kati ya saa 8 na saa 72 baada ya kuchoma. Ya Alhamisi itakuwa kileleni kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Jumapili unachoma semaglutaidi, nayo hupanda kwa siku 1 hadi 3. Utakuwa umepanga vilele viwili mfululizo, na ukianza kutapika hakuna dawa ya kuzitoa mwilini. Tirzepataidi huchukua takriban siku 5 kupungua nusu, semaglutaidi takriban siku 7. Anayeanza kutapika Jumatatu bado atakuwa na dawa nyingi mwilini Jumatatu inayofuata.

Sasa tuje kwenye Ijumaa yako, maana njaa hiyo ni ya kweli na ina sababu. Kwa hesabu nyepesi, ukichoma 0.5 kila wiki, baada ya wiki nne au tano kiasi kilichomo mwilini mara tu baada ya sindano kinakaribia miligramu 1, kwa sababu mabaki ya wiki zilizopita yanajumlishwa. Kufikia siku ya tano kimeshuka kwenye 0.6 hivi. Ukipandishwa kwenda miligramu 1 kwa wiki na ukazoea, Jumapili utakuwa na karibu 2, na Ijumaa utabaki na 1.2. Maana yake Ijumaa yako ya wakati huo itakuwa na dawa nyingi kuliko Jumapili yako ya leo. Pengo linazibwa hivyo, kwa dawa ileile.

Na 0.5 ni ngazi ya pili tu. Semaglutaidi huuzwa kwa majina ya Wegovy na Ozempic. Wegovy hupanda 0.25, 0.5, 1, 1.7 hadi 2.4, kila ngazi wiki nne. Ozempic, ambayo imesajiliwa kwa ajili ya kisukari, hupanda 0.25, 0.5, 1, na mwisho 2. Maliza wiki yako ya nne ya 0.5, kisha mwone daktari wako akupandishe, kwa sharti kwamba katika siku 14 zilizopita hukutapika na unapata choo walau kila siku ya pili. Usiruke ngazi. Wanaoruka kutoka 0.5 kwenda 1.7 ndio wanaofikishwa hospitali wakiwa wamekauka maji.

Kuna jambo dogo ambalo huharibu dozi bila mtu kujua. Kalamu ya Ozempic, ukibonyeza hadi namba ifike 0, sindano ibaki ndani ya ngozi huku ukihesabu polepole hadi 6. Mbeya ya mwezi wa saba, watu huchoma haraka huku wameinua sweta kidogo, wanachomoa mapema, na tone kubwa linabaki juu ya ngozi. Hilo tone ni sehemu ya dozi yako. Kalamu mpya ijaribiwe kwanza hadi tone litokee kwenye ncha. Sindano iwe mpya kila wiki na itolewe mara baada ya kuchoma, kwani ikiachwa imefungwa kwenye kalamu dawa huvuja na hewa huingia.

Ukifika dozi ya juu ukakaa miezi mitatu na uzito umesimama, ndipo mazungumzo ya kubadilisha dawa yaanze. Kubadilisha maana yake ni kuacha moja na kushika nyingine. Kwa kawaida siku ambayo ungechoma semaglutaidi ndiyo unaanza tirzepataidi miligramu 2.5, kisha 5 baada ya wiki nne. Katika jaribio lililozilinganisha ana kwa ana na kuchapishwa mwaka 2025, baada ya wiki 72 waliotumia tirzepataidi walipungua wastani wa asilimia 20.2 ya uzito, na wa semaglutaidi asilimia 13.7. Kama dawa yenye nguvu zaidi ndiyo unayoihitaji, basi ipo, na inatumika peke yake.

Mwisho mama, kalamu ya rafiki yako ni ya rafiki yako. Tumesikia vikundi vya wanawake wanaochanga hela, wananunua kalamu moja na kupokezana, kila mmoja na sindano yake. Kubadili sindano hakutoshi. Damu kidogo isiyoonekana inaweza kurudi ndani ya kalamu wakati wa kuchoma, na kwa njia hiyo homa ya ini na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kutoka kwa mtu hadi mtu. Tunawaomba sana, msichangie kalamu.

Nimeletewa vichupa viwili vya unga, kimoja kimeandikwa semaglutaidi miligramu 5, kingine kagrilintaidi miligramu 5. Muuzaji amesema vikichanganywa kwenye bomba moja vinakata njaa kuliko Ozempic, na kwamba hata watafiti wanafanya hivyo. Niweke maji kiasi gani, na nivute mistari mingapi? — Mfanyabiashara, Makambako

Muuzaji wako amechanganya ukweli na kitu cha hatari, kwa hiyo tuanze na ukweli.

Kagrilintaidi inaiga homoni nyingine kabisa, amilini, ambayo kongosho huitoa pamoja na insulini tunapokula. Mlango wake ni tofauti na wa GLP-1. Ndiyo maana muungano huu una mantiki ambayo ule wa semaglutaidi na tirzepataidi hauna. Na kweli umepimwa: katika jaribio la wiki 68 lililochapishwa mwaka 2025, waliochoma miligramu 2.4 za kila moja kwa wiki walipungua wastani wa asilimia 20.4, na waliochoma sindano isiyo na dawa, ya kulinganishia, asilimia 3. Lakini walipandishwa dozi hatua kwa hatua, chini ya madaktari, kwa dawa iliyopimwa kiwandani. Hata hivyo karibu watu 8 kati ya 10 walipata shida za tumbo. Tena hawakuchanganyiwa kwenye bomba. Dawa hizi mbili zinahitaji vimiminika vya uchachu tofauti, na kifaa kilichotumika kilikuwa na vyumba viwili vinavyozitenganisha hadi dakika ya kuchoma. Ukizitia bomba moja nyumbani, protini zinaweza kugandana, na jicho lako lisione kitu.

Kuhusu maji na mistari, hatutakupa kipimo, na sababu yenyewe iko kwenye hesabu. Bomba la insulini lina mistari 100 kwa mililita 1. Kichupa cha miligramu 5 kikitiwa maji mililita 2, mstari wa 10 ni miligramu 0.25. Kikitiwa mililita 1, mstari uleule wa 10 ni 0.5. Kichupa kikiwa cha miligramu 10 na maji mililita 1, mstari wa 10 ni miligramu 1, yaani dozi ambayo mtu hufikia baada ya wiki nane za kupanda taratibu. Mkono umevuta kilekile, dozi imezidi mara nne. Tena kuna wanaosikia "vuta pointi moja" wakimaanishiwa mililita 0.1, wao wakaichukulia kuwa ni miligramu. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya watu kujichoma semaglutaidi ya vichupa mara 5 hadi 20 ya dozi iliyokusudiwa, na baadhi wakalazwa.

Na yote hayo ni kama kweli ndani mna miligramu 5. Unga mweupe hauna sura. Hakuna anayekuhakikishia kiasi, usafi, wala kwamba ni dawa hiyo. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, nazo zilikuwa zimefungwa vizuri kama za kiwandani. Sembuse kichupa chenye karatasi iliyobandikwa kwa mkono. Ndivyo ilivyo pia kwa retatrutaidi, ambayo wengi mmetuulizia: ni dawa ya majaribio, na yoyote unayouziwa mtaani haikutoka kwenye famasi.

Usichome. Vichupa hivyo vipeleke, pamoja na karatasi na mfuko wake, ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, au kwa mfamasia wa wilaya. Kama tayari umeshachoma na unatapika, acha kusoma hapa na nenda haraka kwenye jibu linalofuata.

Nilichoma mbili kwa wiki moja bila kuuliza mtu. Sasa siku ya pili natapika. Nifanye nini, na lini niende hospitali? — Mwalimu, Kihesa, Iringa

Pole sana mwalimu. Usichome tena yoyote hadi daktari akuone. Koroga ORS pakiti moja kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kunywa vijiko viwili vitatu kila dakika tano. Ukinywa glasi nzima kwa mkupuo, tumbo litairudisha, kwa sababu dawa hizi zimechelewesha kumwaga chakula. Usile vya mafuta. Usinywe diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, maana figo zikiwa na kiu dawa hizo huziumiza zaidi.

Nenda hospitali leo hii ukiona mojawapo ya haya: umetapika zaidi ya saa 24, hujakojoa kwa saa 8 au mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, kichwa kinazunguka ukisimama, macho yamekuwa ya njano, au una maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni. Hayo maumivu ya mwisho yanaweza kuwa kongosho limevimba, na kulala ukisubiri asubuhi ni hatari. Ukifika, taja dawa zote mbili, kiasi, na siku uliyochoma kila moja. Wengi huona aibu wakasema "nimekula kitu kibaya", daktari akatafuta ugonjwa wa tumbo huku figo zinaharibika.

Nina kisukari. Natumia glibenklamaidi asubuhi na insulini usiku. Daktari wa Dar ameniongezea semaglutaidi. Huu nao si mchanganyiko? — Mzee, Tukuyu

Shikamoo mzee. Ni mchanganyiko, ila huu unaruhusiwa na una faida, mradi zile mbili za zamani ziangaliwe upya. Semaglutaidi peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi na insulini ndizo zinazoshusha bila kujali umekula au hukula, na sasa utakuwa unakula kidogo. Bakuli la ndizi ulilokuwa ukimaliza saa mbili usiku utaliacha nusu, wakati insulini ulishaichoma kwa ajili ya bakuli zima. Hapo ndipo mtu anaanguka usiku wa manane.

Kabla ya sindano ya kwanza muulize daktari apunguze kiasi gani cha kila moja. Mara nyingi glibenklamaidi hupunguzwa au huachwa kabisa, na insulini hupunguzwa. Usijipunguzie mwenyewe. Pima sukari asubuhi kabla ya kula na usiku kabla ya kulala kwa wiki zote za kupandisha dozi. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari au nusu chupa ya soda, isiwe ile isiyo na sukari, pima tena baada ya dakika 15, ukirudi sawa kula kitu. Na kama una tatizo la macho la kisukari, yapimwe kabla, kwani sukari ikishuka haraka sana macho yaliyoathirika yanaweza kuzidi kwa muda.

Kaka yangu ananitumia kalamu kutoka Dar kwa basi. Ninaishi Makete, umeme hukatika, na sasa hivi asubuhi kuna jalidi nje. Dawa inaweza kuharibika? — Msichana, Makete

Inaweza kuharibika kwa njia mbili kwenye safari moja. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Basi likitoka Dar, mzigo wa kwenye buti hupita joto la Morogoro, Mikumi na Ruaha Mbuyuni, kisha unapanda Kitonga kuingia baridi. Kwenye buti joto linapita 30 kwa urahisi. Mwambie kaka aikabidhi kwa abiria anayemfahamu akae nayo juu, ndani ya boksi la povu, na vipande vya barafu vimefungwa kwenye kitenge ili visiguse kalamu.

Barafu ndiyo adui mkubwa kuliko joto. Dawa ikiganda hata mara moja imekwisha, na ikiyeyuka inaweza kurudi kuwa maji safi kama haikupata kitu. Usiiache kwenye gari usiku, wala dirishani. Kwenye friji ndogo zenye kijumba cha barafu juu, iweke chini kabisa, mbali na ukuta wa nyuma. Ozempic ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje ya friji chini ya nyuzi 30 kwa wiki 6 hadi 8 kulingana na karatasi ya kwenye boksi lake, kwa hiyo kabati la chumbani Makete linafaa kuliko friji inayogandisha. Andika tarehe ya kufungua kwenye kalamu yenyewe.

Swali ambalo hukuuliza: kalamu hiyo imeandikwa na daktari, imetoka famasi? Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza dawa ya aina hii. Risiti ije pamoja na kalamu.

Je, naweza kuchoma Mounjaro huku nakunywa chai ya kupunguza tumbo? Natumia pia vidonge vya uzazi wa mpango. — Dada, Mafinga

Chai acha. Nyingi kati yake zina sena, jani la kuendesha tumbo. Inatoa maji na potasiamu, haitoi mafuta, na ukiiweka juu ya dawa inayokufanya unywe na ule kidogo, unachokausha ni figo. Baadhi ya chai na vidonge vya kukonda vimekutwa na sibutramini, dawa ya kukata njaa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na boksi halikuitaja. Kama shida ni choo kigumu, kunywa maji lita mbili, kula maparachichi ya kwenu, maharage na mboga, na tembea.

Vidonge vya uzazi ni jambo zito zaidi. Tirzepataidi huchelewesha tumbo kumwaga, na kidonge hakinyonywi ipasavyo. Tumia kondomu kwa wiki 4 baada ya sindano ya kwanza, na wiki 4 nyingine kila dozi inapopandishwa. Ngazi zikiwa tano mbele yako, hizo ni wiki nyingi, kwa hiyo kijiti au kitanzi kinakufaa zaidi, kwani havipiti tumboni. Siku ukitaka mtoto, tirzepataidi iache angalau mwezi 1 kabla. Wanaotumia semaglutaidi waache miezi 2 kabla.